Makundi Mawili Katika Kishimo Kimoja

Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu Sisimizi,

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili kabla ya kuifungua. Ndiyo, ni mimi, na sijafa. Simu zangu hupokei tangu tulipomzika Mama, miaka saba sasa, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu na karatasi kama watu wa zamani. Ukiona mwandiko umepinda nisamehe, vidole vyangu vimezoea kubonyeza.

Huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Mwanangu mkubwa amenipita kimo na sasa ananitazama kwa juu kama mimi ndiye niliyezaliwa jana. Nimeota kitambi na mvi, lakini kazi inakwenda. Nina watu kumi na wawili chini yangu, na kila ninapowatembeza wageni humu maabara huwasimulia kwamba yote haya yalianzia kwenye chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga, na mikono ya mdogo wangu. Nasema hivyo mbele za watu. Waulize.

Nina ombi dogo. Lile daftari namba saba, lenye jalada la kijani, tulilolitumia tulipokuwa tunaitafuta kingamwili yetu, bado lipo? Chuo kinaandaa maonyesho ya historia ya maabara na wameniomba vitu vya mwanzo mwanzo. Nitashukuru ukinitumia lilivyo, kwa njia ya vifurushi, bila kulipiga picha wala kutoa nakala. Karatasi zake ni laini na mwanga wa mashine huzifubaza. Nimeandika kwa mkono kwa sababu barua pepe za hapa hupita mbele ya macho mengi, na mambo ya ndugu ni ya ndugu.

Kaka yako akupendaye


Tarehe 19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika, na kweli niliigeuza mara mbili. Mara ya tatu niliinusa.

Nimefurahi kusikia mna afya. Msalimie wifi. Mtoto naye mwambie aendelee kurefuka, labda ataona vitu ambavyo baba yake havioni.

Mimi nipo palepale uliponiacha. Wewe uliondoka na sifa ya kazi, mimi nikabaki na kazi yenyewe. Dirisha bado halifungi. Kabati la joto, lile tunalotunzia seli, mlango wake umelegea bawaba na naufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Panya nilionao leo ni mia mbili na kumi na mmoja. Hapa kila mtu ananiita Mama Panya, hata mkuu wa idara, na kuna siku iliandikwa hivyo kwenye barua ya ofisi na hakuna aliyecheka.

Wiki hii nimepewa wanafunzi wapya. Nawafundisha kama ulivyonifundisha wewe. Unamdunga panya kipande cha kile unachotaka kukitambua, kwa upande wetu kile kipokezi kinachokaa ndani ya seli za tumbo la uzazi na za titi, kikingoja homoni ije ikiguse. Mwili wa panya unakasirika, unatengeneza kingamwili za kukishika. Unatoa bandama, unaziunganisha seli za humo na seli za saratani ambazo hazijui kufa, ili mchanganyiko huo uishi na uendelee kukutengenezea kingamwili hiyo maisha yako yote. Unazigawa kwenye sahani zenye vishimo tisini na sita kila moja. Halafu unasubiri uone ni kishimo gani kimebahatika. Mmoja akaniuliza, "Mama Panya, unasubiri siku ngapi?" Nikamwambia siku kumi na nne, na huondoki. Ukikosa kuzibadilishia maji ya lishe siku mbili, miezi yako mitano imekwenda na maji.

Siku kumi na nne hizo nazijua, Kaka. Ndizo zilizomo kwenye daftari namba saba. Wewe ulikwenda hospitalini kwa Mama, mimi nikabaki na seli, kwa sababu ulisema lazima mmoja wetu abaki na mimi ndiye mwenye mikono. Siku ya kumi na tatu Mama akafa. Seli zilikuwa zimeshakomaa kiasi cha kuachwa, nikasafiri siku mbili, nikakuta mmeshazika, udongo umeshaanza kukauka. Mama mdogo alinipa mkono kama anayempa mkono karani. Hukunisubiri hata siku moja.

Kwa hiyo usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa na hizo habari za maonyesho. Miaka saba hukuniuliza kama kuna jino linaniuma, leo unalilia jalada la kijani. Daftari lipo kabatini mwangu na ufunguo ninao mimi. Sema unalitakia nini.

Mdogo wako,
Mama Panya


Tarehe 6 Machi

Sisimizi,

Hujabadilika. Ulimi wako ungeweza kupasua panya bila kisu.

Haya, nimeshindwa. Maonyesho hayapo. Nilitaka kukuepusha na usumbufu, basi.

Kuna binti mmoja, juzi tu katoka masomoni, anafanya kazi mbali na mimi na mbali na wewe. Amezalisha panya wasio na kile kipokezi kabisa. Wanazaliwa bila hicho kitu mwilini. Akachukua vipande vya matumbo yao ya uzazi, akavipaka kingamwili yetu. Kama kingamwili ni ya kweli, vipande hivyo vingebaki vyeupe, kwa sababu hakuna cha kushikwa. Yeye anadai vimegeuka kahawia tupu. Yaani anadai kwamba miaka yote hii kingamwili yetu imekuwa ikishika kitu kingine kabisa, na mimi nimekuwa nikiandika habari za kipokezi ambacho sikukiona. Ameyachapisha jaridani, na jina la kingamwili yetu lipo kwenye kichwa cha makala.

Unajua mambo ya watu. Maabara zaidi ya arobaini zinaitumia hiyo kingamwili. Kuna madaktari waliokuwa wanazungumzia kuijaribu kwenye vipimo vya saratani ya titi. Mtu akitaka kujulikana haraka, anatafuta mti mrefu aukate.

Chuo kimeunda kamati. Swali lao ni moja tu: kabla ya kugandisha seli zile, tulizisafisha mara mbili? Tulihakikisha kwamba zote ni za ukoo mmoja, uzao wa seli moja? Mimi nakumbuka kwamba ndiyo. Nataka niwawekee daftari mezani niwanyamazishe. Usipolituma watanifikiria vibaya, na wewe nawe ukiulizwa watakufikiria vibaya. Nimejenga kila nilichonacho juu ya kishimo kile kimoja. Nitumie, mdogo wangu. Nikiwa na daftari mkononi nitalala usingizi.

Kaka yako


Tarehe 28 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafanya kazi uliyopaswa kuifanya wewe.

Nilimwandikia yule binti. Usishtuke, sikumwambia mimi ni nani wako. Nilijitambulisha kuwa fundi wa maabara mwenye vichupa vya seli hizo. Alinijibu kwa adabu kabisa, akanitumia vipande sita vya panya wake vikiwa vimebandikwa kwenye vioo, pamoja na maelezo yaliyoandikwa vizuri kuliko yako yote. Nikatoa kichupa kimoja kwenye tangi la baridi, nikazikuza seli siku nane, nikachukua maji yake, nikapaka. Vioo vyote sita vikawa kahawia. Nikarudia wiki iliyofuata, maana nilitamani sana niwe nimekosea. Kahawia tena. Binti hajakuonea wivu, Kaka. Anasema kweli.

Ndipo nikafungua daftari. Nakunakilia ili usije ukasema macho yangu yamezeeka.

"Siku ya 12. Kishimo 4G9 kinashika kipokezi vizuri kuliko vyote. Kwenye hadubini naona makundi mawili ya seli, moja kubwa katikati, moja dogo ukingoni. Huu si ukoo mmoja. Lazima kutenganisha, seli moja kila kishimo, tena mara mbili, kabla ya kugandisha."

Huo ni mwandiko wangu. Chini yake kuna wa kwako, wino wa bluu, uliporudi kutoka msibani: "Inatosha. Kuza, gandisha." Na sahihi yako, na tarehe.

Nakumbuka nilikuuliza ukiwa bado na koti mwilini. Ulisema kongamano ni baada ya wiki tano na hakuna muda wa kuchezea. Sikubisha. Nilikuwa nimetoka kwenye kaburi la Mama, ningebishana na nani?

Unajua kilichotokea, lakini acha nikuandikie, kwa sababu nimelia nacho siku tatu. Kundi moja ndilo lililokuwa linatengeneza kingamwili ya kweli. Lingine lilikuwa linatengeneza takataka, ila lilikuwa na mbio. Tulipozikuza pamoja, lenye mbio likala lishe yote, lile la kweli likazidiwa likaisha. Ulipopanda jukwaani kupigiwa makofi, ulichokuwa nacho chupani kilikuwa kitu kingine tayari. Ile ya kweli ilikuwepo, Kaka. Niliiona kwa macho yangu kwenye hadubini. Ilihitaji wiki sita za mikono yangu na uvumilivu wako.

Na kwenye ukingo wa kurasa, kwa sababu mimi naandika kila kitu, zipo simu zako. "Siku ya 9: Kaka kapiga saa nne. Mama anaendelea vizuri, amekaa kitandani, anacheka. Nisiondoke." "Siku ya 11: Kaka kapiga. Mama hajambo. Nisiondoke." "Siku ya 12: Kaka kapiga. Mama hajambo kabisa, kaniuliza kama nakula. Nisiondoke." Nimezisoma zote tatu, nikarudia kuzisoma. Hizo nadhani hata wewe hutaki kuziona tena.

Miaka saba nilikuwa najiambia kitu kimoja. Kwamba sikumzika Mama, sawa, lakini kilichotoka kwenye siku zile kinawafaa watu mahali fulani. Mwanamke fulani anapimwa kwa kazi ya mikono yangu. Sasa nimeona hata hicho hakipo.

Daftari silitumi.

Mama Panya


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma ofisini nikiwa nimefunga mlango kwa ufunguo. Sina cha kubishia. Nilijua, au tuseme nilijua nusu na ile nusu nyingine nikaifunika. Nilikumbuka makundi mawili. Nilitumaini wewe ndiye umesahau.

Kwanza ujue hili: kingamwili inaondolewa. Nimeshaziandikia maabara zote ziache kuitumia, na madaktari wale wameambiwa. Hakuna mgonjwa atakayeguswa nayo. Hilo limekwisha, na ningelifanya hata kama usingeniandikia.

Kilichobaki ni nani ataangukiwa. Kamati haina shida na kosa. Makosa yapo kila maabara. Shida yao ni kama kiongozi alionywa akapuuza. Ukurasa ule ukifika kwao, mimi nimekwisha. Watafunga maabara. Watu kumi na wawili wanatoka mlangoni na maboksi yao, na kuna wawili kati yao ambao wake zao ni wajawazito. Lakini kukiwa na maelezo kwamba mimi niliagiza seli zisafishwe mara mbili, na zikasafishwa, ila wakati wa kugandisha fundi akachanganya vichupa, basi ni bahati mbaya. Watasema fundi alikosea, amefiwa na mama yake wiki ileile, nani atamhukumu? Faili linafungwa.

Nimekuandikia maelezo hayo, yamo humu ndani ya bahasha. Yanahitaji sahihi yako tu. Na ukurasa ule usiwepo.

Najua ninachokuomba. Nimeandika na kuchana barua hii mara nne. Wewe huko ni Mama Panya, wanakupenda, watakupa barua ya onyo na mwezi ujao watakuwa wameshasahau. Mimi nikianguka kutoka hapa nilipo, siinuki tena.

Kuhusu yale uliyoyaandika kwenye ukingo wa kurasa, nimeelewa unaniambia nini. Unayo haki ya kunichukia. Nilidhani sina njia nyingine. Nisamehe, mdogo wangu. Nilipaswa kukuomba msamaha siku ileile makaburini, nikakosa pa kuanzia.

Kaka yako


Tarehe 20 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Nimekaa na hiyo karatasi yako siku nne. Siku ya kwanza niliitukana, na panya wote mia mbili na kumi na mmoja ni mashahidi. Siku ya pili nilitaka kukutumia nakala ya daftari, wewe na kamati yako na mkeo. Siku ya tatu nilirudia kusoma mwisho wa barua. Umesema nisamehe. Katika umri wetu wote sijawahi kukusikia ukitamka neno hilo. Hata uliponivunja jino kwa kombeo, alitumwa Baba aje kuomba radhi kwa niaba yako.

Nimechoka, Kaka. Miaka saba nimekuwa na hasira mpaka nimesahau mtu asiye na hasira anakaaje. Mimi na wewe ndio tuliobaki. Yale ya Mama nimekusamehe. Nimeyasema kwa mdomo pia, nikiwa peke yangu kwenye chumba cha panya, ili nisikie kama yanatoka kweli. Yametoka.

Hiyo karatasi nimeisaini. Sikuituma kwako, nimeipeleka kwa kamati moja kwa moja pamoja na daftari, kama ulivyoandika anwani, ili isionekane imepitia mikononi mwako. Unaona, nimekuwa mwongo mzuri kwa wiki moja tu. Kabla ya kulituma, zile kurasa tatu, wa siku ya tisa, wa siku ya kumi na moja na wa siku ya kumi na mbili, nimezichana nikazitia kwenye tanuri la kuchomea mizoga ya panya, pamoja na barua zako za Machi na Aprili. Sikuacha nakala. Nilisimama mpaka nikahakikisha.

Mkuu wa idara nimemwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Hajanipa barua ya onyo bado. Alinitazama tu, akavua miwani, akaniuliza, "Wewe? Uchanganye vichupa?" Miaka kumi na minane sijawahi kukosea hata lebo. Nikamwambia ndiyo, nilichanganya. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, nakwambia ukweli, kuliko hata kuwaza wataniandikia nini.

Sitaki kitu kutoka kwako isipokuwa kimoja. Wewe ulikuwepo. Nisimulie siku za mwisho za Mama, zilikwendaje. Sijawahi kumuuliza mtu. Mama mdogo hataki hata kuniona, na sijui nilimkosea nini.

Mdogo wako


Tarehe 3 Mei

Sisimizi wangu,

Sijui nianzie wapi. Kamati imepokea maelezo yako na kuanzia juzi sauti zao zimebadilika. Mwenyekiti amenipa mkono kwenye ngazi. Mke wangu amelia kwa furaha. Umeniokoa, na nitakapokufa waandike hivyo kwenye kaburi langu.

Umeniuliza habari za Mama. Kwa kuwa umeshanisamehe, nitakwambia bila kuzunguka, na kusema kweli ni kama kushusha gunia. Miaka yote hii nilikuwa najiuliza ni nani aliyekwambia. Nilifikiri labda ni muuguzi, labda mama mdogo. Ulipoacha kupokea simu zangu nikajua umeshajua.

Siku ya nane daktari aliniita koridoni. Akasema figo zimekataa, ni suala la siku chache, watoto wote waitwe. Nilitoka na simu mkononi nikiwa nimeshatafuta namba yako. Halafu nikahesabu. Siku ya nane. Ukiondoka, hakuna mtu mwingine aliyejua kuzilisha, na bandama lile lilikuwa la panya wa mwisho aliyekubali kutengeneza kingamwili. Nikarudisha simu mfukoni. Kesho yake nikakupigia nikakwambia anacheka.

Hakuwa anacheka. Alikuwa akisema kidogo kidogo kwa sababu midomo ilikuwa imekauka, tukawa tunamlowesha kwa pamba. Lakini akili yake ilikuwa safi. Alimjua kila aliyeingia, mpaka asubuhi ya siku aliyokufa. Kitanda chake kilikuwa cha kwanza kutoka mlangoni na kila ulipofunguliwa aligeuza kichwa. Alikuuliza kila siku, asubuhi na jioni. Nilijitia moyo kwamba ukija utakuta hakutambui, na seli nazo zitakuwa zimekufa, tutakuwa tumekosa huku na huku. Haikuwa hivyo. Ungekuta anakutambua.

Kuhusu kuzika haraka, mama mdogo alitaka tukusubiri. Mimi ndiye niliyekataa. Daktari yule alikuwa bado yuko wodini wiki ile na niliogopa kwamba ukikuta mwili bado uko hospitalini utamuuliza. Nimekwambia yote sasa. Sina tena kitu nilichokuficha, na najisikia mwepesi kama mtoto.

Njoo ututembelee mwaka huu. Watoto hawakujui.

Kaka yako akushukuruye


Tarehe 11 Juni

Kaka,

Hakuna aliyeniambia. Si muuguzi, si mama mdogo, hakuna. Umeniambia wewe.

Nilichokusamehe ni kumzika Mama bila kunisubiri. Basi. Nilidhani simu zile ulipiga ukiwa umedanganyika kama mimi, kwamba ugonjwa ulitulaghai sote wawili. Nilipokuandikia yale ya ukingoni nilikuwa nakukumbusha tulivyokuwa wajinga pamoja. Kwa miaka saba, hata katikati ya hasira, nimekuonea huruma kwa sababu nilifikiri ulipata mshtuko uleule nilioupata mimi.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye kabati la joto na sahani mkononi. Iliniponyoka. Vishimo tisini na sita vya mwanafunzi, kazi ya miezi yake minne, vikamwagika sakafuni. Nilimwomba radhi binti wa watu mpaka akaanza kunibembeleza yeye.

Siku iliyofuata niliiandikia kamati. Niliwaeleza kila kitu: makundi mawili, wino wa bluu, karatasi uliyoniandikia nisaini. Wamenijibu kwa mistari mitano. Wanasema wanayo maelezo yangu ya awali yenye sahihi. Wanauliza ukurasa ninaoutaja uko wapi. Wanasema daftari nililowapelekea lina kurasa zilizochanwa, na fundi aliyekiri kuchanganya vichupa, kisha akachana daftari, kisha akamgeukia kaka yake, hawawezi kulitegemea neno lake. Suala limefungwa. Kwenye nafasi yao ningesema vivyo hivyo.

Nakala ya barua yao ilikwenda kwa mkuu wa idara. Kosa la vichupa alikuwa amelimeza. Kuchana daftari la maabara hakuna anayelimeza, wala mimi nisingelimeza. Jana nimerudisha ufunguo. Panya wamepewa kijana mmoja mpole ambaye bado anawaogopa.

Kwa hiyo umepona. Una maabara yako, una watu wako kumi na wawili, una mkono wa mwenyekiti kwenye ngazi. Sitakuandikia tena, na hilo jina la utotoni usiliandike tena popote.

Nijibu kitu kimoja, kisha tumalizane. Nimempigia mama mdogo kumuuliza, akasema hana la kuzungumza na mimi, akakata. Mama alipouliza niko wapi, asubuhi na jioni, ulikuwa unamjibu nini?


Tarehe 29 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa na swali lako wiki mbili. Ningeweza kukuongopea na usingejua, lakini nimekuongopea vya kutosha.

Mara za kwanza nilimwambia uko njiani. Mama mdogo akaanza kuuliza mbona hufiki, akataka namba ya maabara akupigie mwenyewe. Ndipo nikawaambia wote wawili kwamba nimekupigia mara tatu, unajua hali yake, na umesema huwezi kuacha kazi.

Mama akasema, "Basi msimsumbue."

Hakuuliza tena.

Kaka yako